Kaburi Lionekane

Kalemie, tarehe 11 Februari 2024

Mama wangu mupendwa,

Unisamehe kwa kukaa kimya hivi. Tangu Noeli sijakutumia hata mustari mumoja, na ninajua kila Willy anapofika na pikipiki yake unatoka nje kumuangalia mikononi. Sikukusahau. Mutoto ananyonya, mwenzake anauliza maswali, maji yako mbali, na nikishika kalamu usingizi nao unanishika. Barua moja nilikuwa nimeianza, Éliane akachora kuku juu yake. Nikaanza nyingine, Landry akaitapikia. Hii ninaiandika nimesimama, karatasi iko juu ya pipa la maji ili wasiifikie.

Mugongo wako unasemaje? Na ule muguu? Kikohozi cha moshi kimepungua, ao bado unalala umekaa? Sisi huku kwenye site ya wakimbizi tunapumua. Bashi la plastiki la juu ya nyumba limetoboka, lakini mvua ikinyesha tunajua pa kuweka sufuria. Landry ameota meno na ananiuma, na kifua chake kinakoroma usiku. Éliane anaongea kama muntu mukubwa. Juzi Hénoc alirudi kutoka bandari bila kupata muzigo wa kubeba, binti yake akamusimamia mulangoni: «Papa, umetuletea nini?» Akamujibu: «Nimeleta njaa yangu, tuichanganye na yenu.» Tulicheka, Mama. Kisha tukala majani ya sombe bila mafuta.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Wanamama Batwa tumekusanyika. Kuko wa Manono, wa Kabalo, wa Moba, na sisi wa Nyunzu tulioletwa huku na vita. Tunakutana kila Alhamisi katika sali ya paruasi ya kanisa, na watoto wetu migongoni. Tunafundishana. Mumoja anaonyesha vile uyoga unakaushwa usipate wadudu wakati wa mvua. Mwingine anasema dawa ya tumbo la uzazi, na mimi ninaandika kwa sababu nilifika darasa la sita. Mama mumoja wa Moba alitufundisha kusimama mbele ya jaji. Alisema: «Mukiulizwa tangu lini, musiseme tangu zamani. Museme mwaka.» Tukacheka sana, maana hakuna aliyejua hata mwaka wake mwenyewe wa kuzaliwa.

Kesi yetu ya kwanza ni Kasanzi. Kule njo kwetu, Mama. Chefu Cyrille wa Baluba ameambia tribinali kwamba Batwa hawakuishi Kasanzi hata siku moja, kwamba tulifika pale baada ya vita, tukikimbia kama mbuzi waliopotea. Juu ya neno hilo amemupa Thierry, yule mununuzi wa madini ya kolta, pori lote kutoka kijito mupaka mulima.

Avoka wetu wa kutusemea kwa jaji anaitwa Maître Émérence. Ni mufupi, sauti yake inafika barabarani. Alitusomea ile sheria ya Batwa iliyotiwa sahihi Kinshasa. Pori tuliloishi ni letu, lakini lazima tuonyeshe kwamba tuliishi. Baluba wanaonyesha mashamba, michikichi, nyumba za matofali. Sisi tutaonyesha nini? Nyumba zetu za majani zimeoza. Asali tulikula. Njia zimejifunga.

Akauliza: «Hata makaburi hamuna?»

Mama Mbuyu wa Manono, ambaye ni mukubwa wetu, njo alimujibu. Alimuambia kwamba muntu akifa kwetu tunamubomolea nyumba juu yake, tunazima moto, tunahama siku ile ile. Hatuweki musalaba wala jiwe, na hakuna anayerudi, ili marehemu apumzike asitufuate. Na akifa mutoto, mama yake haonyeshwi mahali. Maître alishika kichwa. Akasema: «Basi mumezika ushahidi wote pamoja nao.»

Mama, Baba alikufa Kasanzi kabla ya vita. Mutoto wangu Elysée pia, wakati wa surua. Wewe njo uliwazika, na wote waliokusaidia wamekwisha kwenda. Ni wewe peke yako unayejua. Makaburi mawili ya kabla ya vita yanatosha kumufunga Chefu mudomo. Ninakuomba urudi pale uwaonyeshe.

Willy anakuletea chumvi, sabuni na ndagala. Ndagala uzianike mara moja, zilipata mvua.

Mutoto wako,
Rosine


Huku Nyunzu, tarehe 3 Machi 2024

Mutoto wangu Rosine,

Ninakusalimu wewe, na Papa Hénoc, na wajukuu wangu wawili, huyo anayechora na huyo anayetapika. Barua imefika ikinuka samaki. Katekista Augustin amenisomea, na alipofika pale pa makaburi akakohoa kama muntu aliyemeza nzi.

Yeye njo anaandika hii. Ninamuambia aandike vile ninavyosema, si vile anavyosali, maana amekwisha kunitilia «kwa neema ya Mungu» mahali ambapo nilisema tu kwamba nimelala vizuri. Ni Muluba, lakini usiogope. Watoto wake wote walipita katika mikono yangu, na akisema siri yangu mimi nitasema vile alivyolia mulangoni wakati bibi yake anazaa. Hayo pia nimemuambia ayaandike.

Niko. Mugongo ni ule ule. Muguu umeanza urafiki na mugongo.

Sasa nikujibu. Hapana.

Unanituma nirudi mahali nilipozima moto kwa mukono wangu. Huyo avoka wako ana mama? Muulize kama angemutuma. Mukubwa wenu Mama Mbuyu anajua maana yake. Ninamushangaa alikaa pale akakubali.

Siku ile ya Elysée nilikutuma kwa shangazi yako kutafuta uyoga. Ulijua hakukuwa uyoga wa kukufanya uende mbali vile. Ulikwenda. Ukarudi kikapu kimejaa, na mimi nimekwisha kunawa, na vitu vyetu vimefungwa tayari kwa safari. Hukuniuliza. Ulichukua furushi lako ukatembea mbele yangu. Nilikupenda sana siku ile kwa kutoniuliza. Usianze leo.

Kwamba pori linakatwa, ninajua kuliko wewe. Mashine ya Thierry ninaisikia nikipika. Nyuki wamehama. Jana nilikwenda kutafuta viazi vya pori, muntu wake mumoja akanizuia, akaniuliza: «Bibi, unatafuta nini katika shamba la watu?» Nikamuuliza shamba la nini. Akasema la mawe. Nikamuambia avune basi, tuone atakula nini. Lakini nilirudi na kikapu kitupu, yeye akabaki.

Hata hivyo, hapana. Waliokufa hawakuingia katika kesi yoyote. Tafuteni mashahidi wazima.

Ninamupa Willy uyoga mukavu, na maganda ya muti kwa kifua cha Landry. Uyachemushe mupaka maji yawe mekundu, umupe akiwa na tumbo tupu.

Mama yako


Kalemie, tarehe 24 Machi 2024

Mama wangu,

Nimepata uyoga na maganda. Mungu akubariki mikono. Landry alikunywa akanikunjia uso kama muzee, lakini kifua kimelegea kidogo. Pole na muguu. Na umusalimie Augustin. Hénoc alisoma habari ya kulia kwake mulangoni, akasema hata yeye alilia, ila alikwenda kulilia mbali.

Mama, ninakuandikia kwa heshima, na ninakuandikia kwa nguvu.

Mashahidi wazima tuliwapeleka. Tulikwenda tribinali tukiwa wengi, tumevaa vikwembe vya namna moja ambavyo wamasista walitupa. Kila mwanamuke alisema alichokijua. Shangazi wa upande wa Kabalo alitaja mizinga yote ya Kasanzi na mwenye kila muzinga. Mimi nilisema nilizaliwa pale. Avoka wa Chefu akainuka, mikono katika mifuko, akasema: «Mheshimiwa jaji, hata nyani anazaliwa porini. Tumuandikie naye hati ya ardhi?»

Watu walicheka, Mama. Hata polisi wa mulangoni. Jaji mwenyewe alitazama chini, lakini mabega yake niliyaona.

Mama Mbuyu hakungoja ruhusa. Alisema: «Nyani hakuitwa hapa leo. Umeitwa wewe na sisi. Mambo ya ukoo wako tuyaache kwanza.» Wakacheka tena, safari hii kwa upande wetu, na jaji akapiga meza. Lakini kicheko hakiandikwi katika kesi. Grefye, mwandishi wa tribinali, alikuwa ameweka kalamu chini. Yote tuliyosema aliyaita maneno.

Mwishoni jaji alisema yeye mwenyewe atashuka Kasanzi katika mwezi wa tano. Nimeshika maneno yake vile yalivyotoka: «Nitaandika kile ambacho macho yangu yataona.» Mama, shika neno hilo. Kaburi lionekane. Usiwapeleke mbele ya majani na kusema «ni hapa», watakucheka kama walivyonicheka mimi. Fanya lionekane.

Ninajua ninachokuomba. Wewe uliniambia nisianze leo kuuliza. Mama, mimi nimeuliza kila siku, nilikuwa ninafunga tu mudomo. Nikimuogesha Landry ninauliza. Nimekuwa binti mwema miaka hii yote, na binti wako mwema amefukuzwa katika pori lake, analala chini ya bashi lenye tundu, na watoto wake wanaitwa wageni hapa na kule. Elysée alikuwa wa kwangu. Kama yeye njo atawapatia ndugu zake mahali pa kukaa, mimi mama yake ninamuachia afanye kazi hiyo.

Usiponijibu nitaelewa. Lakini ukinijibu hapana mara ya pili, umuambie Augustin aiandike kwa herufi kubwa, maana nitaisoma nikilia na macho yangu si mazuri tena.

Willy anakuletea mafuta ya taa na kibiriti.

Mutoto wako,
Rosine


Huku Nyunzu, tarehe 28 Aprili 2024

Rosine mutoto wangu,

Ninakusalimu. Sisi wote tuko, na mvua zinakwisha. Kifua cha Landry kiko namna gani?

Nilikasirika. Nilikaa na barua yako chini ya kirago, nikawa ninalala juu yake. Kisha mashine ya Thierry ikavuka kijito. Nikajiambia kwamba mimi nikingoja, yeye hatangoja.

Nimekwenda. Nilikwenda na shangazi yako na wanamama wengine wa hapa, kwa sababu peke yangu miguu ilikataa. Tulipofika mupaka wa pale nilivua viatu, nikasema na wenyewe waliolala pale. Nilichowaambia ni cha kwangu na wao. Nilipata mahali bila kutafuta sana. Muti uliokuwa mudogo umekuwa munene, lakini uko.

Sasa ufurahi. Umesema lionekane, tumefanya lionekane. Tulikata majani yote mupaka udongo ukawa wazi kama kiwanja cha chapeli. Tuliinua udongo tukaupiga vizuri kwa mikono, juu mviringo, kama makaburi ya misioni, moja refu na moja fupi. Augustin alitupatia mbao, tukapigilia misalaba. Alikuwa pia na chokaa iliyobaki ya Pasaka, tukapaka misalaba na mawe ya kuzunguka. Yanawaka, Rosine. Hata muntu aliye upande wa pili wa kijito anayaona. Jaji hata akiwa na macho mabaya ataona.

Shangazi yako alisema Baba yako hajapata kulala safi namna hii. Nilicheka kidogo. Kisha nilikwenda kijitoni nikanawa tena na tena.

Sasa unajua nimekutii. Mimi mama nimemutii mutoto. Kesi hii ikiisha tutafanya desturi ya kuwaomba wafu musamaha, na wewe utakuwa pale.

Willy anaumwa na pikipiki yake pia inaumwa. Barua hii itakwenda na motoka ya mahindi. Nimefunga asali kidogo katika chupa. Usimupe Landry, bado ni mudogo. Ni ya kwako.

Mama yako


Huku Nyunzu, tarehe 2 Juni 2024

Rosine,

Tunakusalimu. Mama Mbuyu aliniambia Landry alilazwa, ndiyo sababu hukuja. Umuchunge kwanza, mutoto hana dhambi katika haya.

Walikuja na jeep mbili. Nilivaa kikwembe changu cha sikukuu. Nilikuwa nimefagia tena asubuhi. Maître wako alishuka akatazama misalaba, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika. Nilifikiri ni jua.

Jaji alikwenda moja kwa moja. Akapitisha kidole juu ya musalaba wa Baba yako. Kidole kikatoka cheupe. Akamuonyesha grefye, na grefye akaandika. Nikafurahi mimi mujinga, maana nilimuona anaandika.

Ndipo avoka wa Chefu akaniuliza: «Mama, marehemu huyu alikufa juma gani?» Chefu Cyrille alicheka akashika tumbo. Nikasema walikufa kabla ya vita, mimi nimewaosha tu. Akaniuliza nani aliniambia niwaoshe. Nikasema mutoto wangu wa Kalemie. Hilo pia liliandikwa. Maître alifunga macho.

Nilijaribu kueleza, Rosine. Nilisema sisi hatuweki alama, kwa hiyo ilibidi tuweke. Kila nililosema lilinizidishia ubaya. Yule avoka akasema: «Basi umekiri, hapakuwa na kitu, mukaweka.» Nikasema palikuwa na watu. Akasema: «Tuchimbe tuone kama ni watu ao ni mihogo.» Vijana wa Thierry walikuwa pale na masururu yao.

Mimi nililala chini. Siwezi kulala juu ya makaburi mawili, mwili wangu ni mumoja. Nililala juu ya lile fupi. Mama Mbuyu alivua viatu akasimama kichwani pangu, akawaambia: «Muanze na mimi, nyama yangu ni nyingi zaidi.» Jaji akasema hakuna kuchimba leo, ameona ya kutosha. Wakapanda jeep zao. Nilipoinuka kikwembe changu kilikuwa cheupe mbele.

Baada ya juma moja mashine ikapita kwa Baba yako. Muchimbaji mumoja, Muluba, alikuja kumuambia Augustin kwa siri. Hawakukuta mihogo. Walichokikuta kimekwenda pamoja na udongo kijitoni, kuoshwa kutafuta kolta.

(Mimi Augustin ninayeandika: hapa Mama ametoka nje kidogo, nami ninaongeza langu. Kuhusu chokaa, Rosine, ilikuwa yangu. Nilifikiri ninatenda jambo jema.)

Nimerudi. Najua unataka kujua kama wale waliokufa wananifuata. Zamani nilikuwa ninaogopa watanifuata. Sasa ninakaa nje ninangoja, na hawanifuati. Hakuna anayekuja. Hilo njo linanimaliza.

Kaburi la Elysée bado liko. Thierry ameacha pale kwa sababu ya mwamba. Misalaba niliing'oa.

Usiniandikie tena habari ya tribinali. Niandikie meno ya watoto.

Mama yako


Kalemie, tarehe 9 Novemba 2024

Mama wangu,

Nimekaa kimya miezi hii yote, na safari hii sina mutoto wa kusingizia. Nilikuwa ninaona haya mbele ya karatasi. Ninakusalimu, na ninakuomba uzima wako. Muguu, mugongo, usingizi, uniambie vyote.

Landry alipona. Ana meno mengi na ameanza kusimama akishika pipa. Éliane amepoteza jino moja la mbele, analificha kila siku mahali pengine na kila siku analisahau. Uliniambia nikuandikie meno, haya ni meno yote tuliyo nayo.

Sasa nitakuasi, nitakuandikia habari ya tribinali.

Barua yako ya misalaba ilinikuta hospitalini. Maître alikuwa ameondoka Kalemie siku ile asubuhi. Nilisoma neno chokaa, nikasimama na Landry mukononi na bomba lake la seramu, muuguzi akanipigia kelele. Nilipiga simu mupaka pesa ya simu ikakwisha. Huko kwenu hakuna rezo ya simu. Mimi nilijua kabla ya wewe kujua, na sikuweza kukufikia.

Hukumu ilisomwa mwezi wa nane. Walisema ni makaburi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kesi. Kasanzi imebaki kwa Chefu. Na hata wenzetu wa Manono sasa wanaulizwa kama makaburi yao ni ya kweli, na wao hawajagusa kitu. Alhamisi iliyofuata mama mumoja wa Moba alisema mbele yangu: «Chokaa ya Nyunzu imetupaka sisi wote.» Hakuna aliyemukatalia. Baadaye Mama Mbuyu akasema: «Aliandika kaburi lionekane. Nani kati yenu angeelewa vingine?» Lakini kiti karibu na mimi kilibaki kitupu.

Nimeendelea kwenda. Sasa mimi njo ninafundisha jambo hilo. Wanamama wapya wakifika ninasimama ninawaambia: musifagie, musikate majani, musiinue hata jiwe, muache mahali pabaki vile mulivyopaacha. Ninawaambia mama yangu alifanya kazi nzuri kwa mapendo, na kazi nzuri ilitupoteza. Wananiuliza kama mama yangu alinisamehe. Ninawaambia posta ya kwetu ni Willy, na Willy alikuwa mugonjwa.

Mama, rufaa imekubaliwa. Majaji wa rufaa wamesema maneno hayatatosha, misalaba haitatosha, hata hasira yetu haitatosha. Atakuja daktari wa mifupa kutoka Lubumbashi. Yeye anaweza kusema muntu amelala udongoni miaka mingapi. Akisema Elysée alikuwa pale kabla ya vita, neno la Chefu linavunjika. Baba hayupo tena wa kuulizwa. Amebaki Elysée peke yake.

Karatasi ya ruhusa ya kufungua kaburi inatiwa sahihi na muzazi. Si bibi, ni muzazi. Maître aliiweka mezani kwangu akatoka nje ili nisimuone akinitazama. Hénoc akasema: «Mimi nitashika mutoto, wewe shika kalamu.»

Nimetia sahihi.

Sikukuuliza kwanza, kwa sababu ungekataa, na mimi ningekutii. Ninajua ulilala juu yake. Mama Mbuyu alinionyesha vile ulivyoshika udongo kwa vidole. Kuna siku ninakuchukia kwa sababu wewe ulimulalia na mimi sikuwahi. Usikasirike, ni neno la uchovu. Siku hiyo ubaki nyumbani na shangazi. Sitakuomba ulale wala uondoke. Nitakuja mimi na Landry mugongoni, nitasimama pale wakifungua, na wakimaliza nitamurudisha mwenyewe, kwa mikono yangu. Kwa kunificha mahali pale ulinihurumia. Juu ya huruma hiyo nimeweza kuzaa wengine wawili. Sasa huruma hiyo imefika mwisho wake, Mama. Hao wawili wanataka kwao.

Tukishinda, sitafurahi. Ninakuambia mapema usije ukaningojea furaha.

Daktari anafika mwanzoni mwa Desemba. Willy amepona, anangoja jibu lako. Vitu ambavyo bado ninavihitaji kutoka kwako nimeviandika hapa chini. Umuambie Augustin avisome polepole.

Mutoto wako,
Rosine

Kikwembe kipya, kisichofuliwa, cha kumufunga mutoto wa miaka miwili. Rangi uchague wewe.

Kirago kidogo ulichosuka mwenyewe, si cha soko.

Kikapu chenye musuko wa kubana, kisichopitisha kitu hata kikiwa kidogo sana.

Yale majani uliyonawia mikono siku ile. Jina lake sikulijua. Ufunge ya kunitosha mimi, Maître, Mama Mbuyu na daktari.

Uniambie alivaa nini. Kama ulimuachia shanga za kiunoni ao ulizitoa. Ninapaswa kuandika kabla hawajafungua, maana wakizikuta bila mimi kuzitaja watasema tuliziweka.

Na uniambie kichwa chake ulikielekeza upande gani, ili wasianze kuchimba upande huo.